Maneno 18 kila ukurasa: jinsi ya kusoma riwaya kongwe bila kuzama kwenye kamusi

*"Nimeanza kusoma riwaya ya zamani ya Kiswahili yenye kurasa kama 140. Kila ukurasa napigia mstari maneno 18 hivi nisiyoyajua, nayatafuta kwenye kamusi moja baada ya jingine, kisha nayaandika daftarini pamoja na maana zake. Wiki mbili zimepita na niko ukurasa wa 31. Daftari limejaa, lakini nikifunika maana sikumbuki hata robo. Mengine hayamo kabisa kwenye kamusi. Kiswahili ni lugha yangu tangu utotoni, kwa hiyo naona haya. Je, kumbukumbu yangu ni mbovu? Niendelee hivi hivi, nitafute toleo lililorahisishwa, au niyaache maneno yapite tu?"*

Ndugu msomaji, tuanze na hesabu kabla ya kuilaumu kumbukumbu. Kurasa 31 mara maneno 18 ni maneno 558, na umeyapitia kwa siku 14. Hayo ni maneno 40 hivi kwa siku. Hata anayesomea lugha kutwa nzima, mwalimu akiwa mbele yake, hawezi kuubeba mzigo huo. Kwa hiyo kumbukumbu yako ni nzima. Shida ni kwamba unayatendea maneno yote sawasawa, na maneno ya riwaya hayana uzito mmoja.

Na hiyo haya uitue. Kiswahili Sanifu tunachofundishwa kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya Unguja, kwa uamuzi wa mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928. Waandishi wa zamani hawakukaa ndani ya ua huo. Walichota Kimvita cha Mombasa, Kiamu cha Lamu, ushairi, lugha ya mabaharia na ya vyuoni. Mtu aliyekulia Kiswahili cha redio na cha darasani akikwama kwenye maandishi yao hajaisahau lugha yake. Amebisha hodi kwenye chumba cha nyumba yake ambacho hajawahi kuingia.

Sasa tutazame ukurasa wenyewe. Ukurasa wa riwaya una maneno 300 hivi, kwa hiyo maneno 18 ni sita katika kila mia. Watafiti wa usomaji wameshughulika sana na swali hili. Batia Laufer, mwaka 1989, alionyesha kwamba msomaji huhitaji kujua kama asilimia 95 ya maneno ili aambulie maana kwa kiasi cha kuridhisha. Hu na Nation, mwaka 2000, wakaona kwamba kusoma hadithi kwa raha bila msaada kunahitaji karibu asilimia 98, yaani neno moja geni katika kila 50. Tafiti hizo zilihusu wasomaji wa Kiingereza, na neno moja la Kiswahili hubeba mambo ambayo Kiingereza kingeyasema kwa maneno matatu au manne, kwa hiyo usizichukue kama sheria. Hata hivyo zinakuonyesha uliposimama: ukingoni. Hapo ndipo msomaji huchoka haraka, kwa sababu haelewi vya kutosha kufurahia, na anaelewa mno kuweza kuacha.

Habari njema ni kwamba, kwa kukisia, maneno yako 18 si 18 kweli. Chukua ukurasa mmoja uliokwisha kuupigia mistari uyagawe maneno mafungu matatu: uliyoshindwa kwa sababu ya umbo, unayoyajua kwa maana nyingine, na yale ambayo kweli hujapata kuyaona. Fungu la tatu kwa kawaida huwa dogo kuliko ulivyodhani.

Fungu la umbo ndilo linalowapotezea watu muda kwenye kamusi. Kamusi zetu huorodhesha kitenzi kwa mzizi wake na *-a* ya mwisho, na nomino kwa umoja. Ukikutana na *nyufa*, usiende N, nenda *ufa*. *Kuta* ni *ukuta*, *ndimi* ni *ulimi*, *nyavu* ni *wavu*. Sifa nazo huvuliwa kiambishi: *jeusi* na *nyeusi* zote ziko *-eusi*. Kwenye kitenzi, vua mbele kwanza: nafsi, wakati, kirejeshi, mtendwa. *Alivyomwandalia* ikivuliwa *a-li-vyo-mw-* inabaki *andalia*. Kisha vua nyuma: *-wa*, *-isha* au *-esha*, *-ia* au *-ea*, *-ana*, *-ika* au *-eka*. Unabaki na *andaa*.

Umeiona hiyo *l* iliyochomoza kwenye *andalia*? Huwapoteza wengi. Zamani sauti *l* ilikuwapo kati ya irabu mbili ikadondoka, lakini hurudi kitenzi kinapoongezwa kiambishi. Ndiyo maana *chukua* huwa *chukulia*, *fungua* huwa *fungulia*, *ondoa* huwa *ondolea*. Ukitafuta "chukula" hutaipata milele. Ukiona *-lia* au *-lea* mwishoni na kamusi ikakataa, iondoe *l* ujaribu tena. Kosa jingine ni kuvua kupita kiasi: *lia* ya mtoto ni mzizi kamili, usiikate.

Maumbo ya zamani ya wakati nayo hutisha bure. *Akenda zake* ni *akaenda zake*. *Nalikwenda* ni *nilikwenda*. Na penye vionjo vya kaskazini au vya ushairi, sauti zimehama kwa utaratibu: *tini* ni *chini*, *mato* ni *macho*, *nti* ni *nchi*, *ndia* ni *njia*, *mai* ni *maji*, *yua* ni *jua*. Ukilishika hilo, *t* au *nt* mahali ulipozoea *ch*, *nd* mahali ulipozoea *nj*, na *y* au pengo mahali ulipozoea *j*, maneno mengi "magumu" hufunguka bila kamusi. Andika badiliko lenyewe mara moja kwenye jalada la ndani la kitabu, badala ya kuandika kila neno.

Fungu la pili ni la hatari zaidi, kwa sababu maneno yake mengi hukuyapigia mstari. Ulidhani unayajua. Mwandishi wa zamani akisema mtu "hana ila", hajakatisha sentensi. *Ila* hapo ni kasoro, doa. Akisema mzee "alifungua chuo chake akasoma", mzee hakufungua milango ya shule. *Chuo* kilikuwa kitabu, na ndiyo asili ya *mwanachuoni*. Mhusika "aliyepata ndege mbaya njiani akarudi" amekutana na dalili ya nuksi, wala haihitaji kuwa na mabawa. "Hakumcha mfalme" maana yake hakumwogopa, kitenzi kilekile cha *mcha Mungu*. "Shuka ya marekani" ni kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Na "mvua ikanya usiku kucha" haina kichekesho chochote: *kunya* ndicho kitenzi cha kale cha mvua, na *nyesha* ya leo imetoka humo humo. Alama ya kujua umenaswa ni moja tu: maneno yote unayajua, lakini sentensi haikai sawa. Hapo ndipo kamusi inapolipa kuliko popote pengine. Soma maana zote zilizoorodheshwa, si ile ya kwanza peke yake. Programu nyingi za simu hutoa maana moja, na maana hiyo mara nyingi ni ya leo.

Maneno yanayofanana kwa maandishi huamuliwa na upatanisho wa kisarufi, si na kubahatisha. *Paa lile* limefunika nyumba. *Paa yule* amekimbilia porini. *Kaa la moto* huunguza, *kaa yule* hutambaa ufukweni. Kabla ya kufungua kamusi tazama neno linalofuata.

Tuje kwenye maneno mageni kweli. Watu husema "kisia kwa muktadha" kama vile ni jambo jepesi. Ni kazi yenye hatua, na ina kikomo. Chukua sentensi hii niliyoitunga: "Mzee aliketi, bakora yake ameilaza mapajani, akawatazama kwa jicho la inda wale waliomcheka." *Bakora* huenda unaijua kama fimbo ya kuchapia; hapa inalazwa mapajani na mzee aliyeketi, basi ni mkongojo wa kutembelea. Muktadha umetosha, songa mbele. *Inda* je? Ni nomino, iko kwenye jicho, na mzee amechekwa. Utakisia hasira. Umekaribia, lakini hukufika: inda ni ubaya wa moyo, ile roho ya kutaka kumkomoa mtu. Hasira hupoa, inda hungoja. Kama hadithi itamfanya mzee huyu alipize kisasi kurasa 60 baadaye, ukisoma "hasira" utashangaa alikuwa wapi muda wote huo. Muktadha huonyesha upande maana ilipo, lakini mara chache hukupa kipimo chake. Kwa hiyo kwenye maneno ya tabia na ya moyo (inda, hiana, jitimai, idili) kisia kwanza, kisha hakikisha. Kwenye maneno ya vitu, mara nyingi kisio linatosha.

Nasema mara nyingi, kwa sababu vitu navyo vina siri. Katika safari ya jahazi utakutana na *foromali*, *joshi*, *tezi*, *omo*. Ikitosha kujua kwamba foromali ni sehemu ya chombo, mti unaofungwa tanga, inatosha. Ukitaka kuchora jahazi ukiwa na wasaa, sawa. Lakini nguo ni habari nyingine. Mwandishi akimvika mtu *joho* amekuambia cheo chake, akimvika *kaniki* amekuambia ufukara wake, na huenda asirudie kukuambia kwa njia nyingine. Vipimo pia: pishi moja ni vibaba vinne, dhiraa ni shibiri mbili, pima ni dhiraa nne. Mtu anayegombania kibaba si sawa na anayegombania pishi kumi. Jiulize swali moja tu juu ya kitu kigeni: je, mwandishi amekitaja kwa sababu kilikuwapo, au kwa sababu kinamweleza mtu?

Maneno yenye asili ya Kiarabu ni mengi katika maandishi ya zamani, na hapa kuna njia ya mkato ninayoipenda kuliko zote. Yasome kwa ukoo. *Hukumu*, *hakimu*, *mahakama* ni ndugu. *Elimu*, *mwalimu*, *taaluma*, *ulamaa* ni ndugu. Tena tazama umbo: *dhalimu* ni anayetenda dhuluma, *madhulumu* ni aliyetendewa. *Mahabusu* ni aliyefungwa, *maarufu* ni anayejulikana, *marehemu* ni aliyerehemiwa. Hiyo *ma-* si ya wingi wa *macho na mayai*. Ni ya mtendwa. Ukilijua hilo, neno la aina hiyo hukupa nusu ya maana yake hata kama hukuwahi kuliona. Ila usiunge undugu kwa sauti tu. *Kitabu* na *tubu* zinasikika karibu, lakini hazina ukoo.

Na kwa nini daftari lako halikushika? Kuna sababu mbili. Kwanza, sehemu kubwa ya maneno uliyoandika hutakutana nayo tena. Katika kitabu chochote kirefu, karibu nusu ya maneno tofauti yaliyotumika hujitokeza mara moja tu. Ubongo hauoni sababu ya kulitunza neno lisilorudi. Pili, kunakili si kukumbuka. Roediger na Karpicke, mwaka 2006, waliwapa wanafunzi maandishi: baadhi wakayasoma tena na tena, wengine wakajaribu kuyakumbuka bila kuyatazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja walioachwa nyuma walikuwa hao hao. Daftari hukudanganya kwa namna hiyo: ukilipitia unahisi unayajua, kwa kuwa maana iko pale pale kando.

Kuyaacha yapite tu, kwa upande wake, si ujinga, lakini malipo yake ni madogo. Swanborn na de Glopper, mwaka 1999, walijumlisha majaribio mengi wakaona kwamba wanafunzi hushika kama maneno 15 katika kila mia mageni wanayokutana nayo wakisoma kawaida bila kukusudia kujifunza. Ni machache, lakini hayana gharama, na hukua kadiri unavyosoma kurasa nyingi. Kwa kasi ya kurasa mbili kwa siku hujipi hata nafasi ya kuyapata hayo.

Ningekushauri uende hivi. Funga kamusi, soma sura nzima ukiwa na penseli. Neno geni weka nukta pambizoni, usisimame. Likirudi tena kwenye sura hiyo, ongeza nukta ya pili. Sentensi ikikataa kabisa kueleweka, weka mstari wima kando yake. Sura ikiisha, rudi uchague maneno saba, yasizidi: kwanza yenye mistari, kisha yenye nukta mbili, kisha ya tabia za wahusika. Yatafute hayo tu, halafu usome upya kurasa mbili au tatu zilizokuwa nzito. Kusoma huko kwa pili ndiko kunakoliunganisha neno na hadithi; ukikuruka, kazi ya kamusi imepotea nusu. Sura ya kwanza peke yake iruhusu maneno 12 au 15, kwa sababu ndipo mwandishi anapopanga vyombo vyake, na vingi vitatumika hadi mwisho. Kama sura zako zina kurasa kumi kumi, utamaliza kitabu ukiwa na maneno mia hivi mkononi, badala ya 2,520 yaliyopita kama upepo.

Hayo machache yaandike kwenye kadi, si kwenye orodha. Upande mmoja nakili sentensi ya kitabu, neno likiwa limepigiwa mstari, pamoja na namba ya ukurasa. Upande wa pili andika mzizi na maana kwa maneno yako mwenyewe. Usinakili ya kamusi, maana *jitimai* itaelezwa kwa *simanzi*, na *simanzi* kwa *jitimai*, ubaki unazunguka. Tazama sentensi, sema maana kwa sauti, ndipo ugeuze. Rudia kesho yake, kisha siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 30. Uliyoikosa irudi mwanzo. Na usijifunze visawe kwa siku moja. Simanzi, jitimai na majonzi zikiingia pamoja huchanganyikana hadi usijue ipi ni ipi. Shika moja wiki hii, nyingine wiki ijayo. Kadi hizi ni za kulitambua neno ukilisoma, basi. Huna deni la kulitumia kwenye mazungumzo, na rafiki zako watashukuru.

Kuhusu toleo lililorahisishwa: lina faida kama unataka kujua hadithi ili uisome asili ukiwa na ramani kichwani. Kujua mapema nani atamsaliti nani hupunguza sana mzigo wa kukisia. Lakini haliwezi kuwa badala yake, kwa kuwa kinachoondolewa kwanza ni yale maneno unayotaka kujifunza. Kilicho bora zaidi, ukikipata, ni toleo lenye sherehe mwishoni, ile orodha ya maneno magumu na maana zake kwa mujibu wa kitabu hicho hicho. Na kama kila ukurasa bado unakupa maneno mageni 25 au zaidi hata baada ya kuyavua maumbo, kiweke kando kwanza. Soma riwaya moja au mbili fupi za kipindi hicho hicho, hasa za mwandishi yuleyule, kisha urudi. Mwandishi ana msamiati wake anaoupenda, na ukishauzoea katika kitabu kimoja unakuwa umelipa nusu ya kiingilio cha kile kingine.

Maneno yasiyomo kwenye kamusi yako yajaribu kwenye kamusi ya aina nyingine. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka mara ya kwanza 1981, na Kamusi Kuu ya Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) ya 2015, ni nzuri kwa msingi, lakini kamusi za wageni wa zamani zilikusanya kilichosemwa wakati huo. Ya Frederick Johnson ya 1939 ina maneno mengi yaliyokwisha kufifia, na ya Krapf ya 1882 imejaa Kimvita, ingawa tahajia yake itakusumbua na zote mbili zinaeleza maana kwa Kiingereza. Likikosekana huko kote, lisome kwa sauti. Huenda ni neno unalolijua, limeandikwa kwa tahajia nyingine tu.

Kuna mahali ambapo maandishi hayatoshi na inabidi kumtafuta mtu. Kama riwaya ina beti za ushairi ndani yake, mpelekee mwalimu wa fasihi, au mzee anayezungumza lahaja hiyo, ukurasa mzima umsomee. Usimpelekee neno moja kwenye kikaratasi, kwa kuwa naye anahitaji muktadha. Kama maandishi yanacheza, kichwa kinauma au mstari unakupotea baada ya dakika chache, nenda ukapimwe macho kabla ya kununua kamusi nyingine. Na kama hata gazeti au hadithi nyepesi ya leo inakuchukua muda mrefu kuliko wenzako, na imekuwa hivyo tangu ukiwa shuleni, zungumza na mtaalamu wa matatizo ya kusoma. Hilo si la msamiati, na lina msaada wake.

Usiku wa leo acha daftari. Anza tena sura ya kwanza na penseli tu. Utakuta maneno mengi ya kurasa zile 31 unayaelewa bila kujua uliyashika lini, na yasiyoeleweka yawekee nukta, upite.